Umbali na Muda wa Safari kati ya Viwanja vya Ndege vya Unguja na Pemba: Mtazamo wa Kihistoria

1.0 Utangulizi

Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Abeid Amani Karume kipo Kiembe Samaki, kusini ya Mji wa Zanzibar. Kiwanja cha ndege cha Pemba kipo kilomita chache mashariki ya mji wa Chake Chake. Mstari ulionyooka unaoviunganisha viwanja hivi viwili una urefu wa kilomita 125 hivi, sawa na maili za baharini 67. Ndege ndogo ya abiria huumaliza mwendo huo kwa muda wa nusu saa. Msafiri anayeuliza habari za safari hiyo hupewa tarakimu hizo mbili, kilomita 125 na dakika 30, na kwa kawaida huridhika nazo.

Makala hii inajadili historia iliyojificha nyuma ya tarakimu hizo. Umbali kati ya visiwa hivi haujabadilika tangu bahari ilipovitenga. Muda wa kuuvuka, kinyume chake, haukuwahi kuwa mmoja: umetofautiana kwa msimu, kwa upande ambao msafiri anaelekea, kwa mzigo alionao na kwa cheo chake. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba muda huo uliamuliwa na haja za wenye mamlaka na wenye mali zaidi kuliko ulivyoamuliwa na aina ya chombo. Kwa sababu hiyo, historia ya safari ya Unguja na Pemba haielezwi vyema kama hadithi ya maendeleo yaliyopanda ngazi moja baada ya nyingine, kutoka ngalawa hadi jahazi, kutoka jahazi hadi meli ya moshi, na kutoka meli hadi ndege. Vyombo hivyo vimeishi pamoja, na hadi leo vinaishi pamoja. Swali lenye uzito ni nani amechukuliwa na chombo kipi.

2.0 Mstari na Vipimo Vyake

Ni vyema kuanza na hesabu yenyewe, kwa kuwa hesabu hiyo inafichua jambo ambalo ramani za shuleni hulipita kimya. Kiwanja cha Unguja kipo nyuzi 6.22 kusini ya Ikweta na nyuzi 39.22 mashariki. Kiwanja cha Pemba kipo nyuzi 5.26 kusini na nyuzi 39.81 mashariki. Tofauti ya kusini na kaskazini ni karibu kilomita 107, na ile ya mashariki na magharibi ni karibu kilomita 65. Kwa umbali mfupi namna hii mviringo wa dunia hauna athari ya kutajika, hivyo kanuni ya pembetatu mraba inatosha kutoa kilomita 125. Mstari huo unaiacha ardhi ya Unguja karibu na pwani ya Kiwengwa, unakwenda juu ya bahari kwa kilomita 70 hivi, kisha unaingia Pemba kwa upande wa kusini.

Hesabu hiyo hiyo ikifanywa kwa viwanja vya jirani, matokeo yake ni haya. Kutoka kiwanja cha Unguja hadi kiwanja cha Dar es Salaam ni kilomita 73 hivi. Kutoka kiwanja cha Pemba hadi kiwanja cha Tanga ni kilomita 84 hivi. Kutoka Pemba hadi kiwanja cha Mombasa ni kilomita 137 hivi, yaani ni zaidi kidogo tu kuliko kutoka Pemba hadi Unguja. Kwa maneno mengine, kila kimoja kati ya visiwa hivi viwili, vinavyotajwa kwa pumzi moja kama ndugu wa nyumba moja, kina jirani wa bara aliye karibu naye kuliko nduguye.

Jambo hili si mchezo wa tarakimu. Mwaka 1980 Unguja ilipounganishwa na umeme wa bara kwa waya uliopitishwa chini ya bahari, waya huo ulitoka upande wa Dar es Salaam. Pemba ilipofikiwa na waya wake mwaka 2010, waya huo ulitoka Tanga. Hakuna aliyependekeza kwa uzito kwamba umeme wa Pemba upitie Unguja kwanza. Mafundi, ambao kazi yao hailazimiki kufuata mipaka ya utawala, walifuata njia fupi.

Bahari yenyewe inatoa ushahidi wa aina hiyo hiyo. Unguja imekaa juu ya sakafu ya bara: maji yanayoitenga na Bagamoyo na Dar es Salaam hayana kina kikubwa. Pemba imetengwa na bara kwa mlango wa bahari ambao kina chake hufikia mamia ya mita, mahali pengine karibu mita 800. Ni kisiwa cha bahari kuu, na wasafiri wake wamelazimika kukijua kina hicho tangu zamani.

3.0 Muda Uliohesabiwa kwa Upepo

Maandishi ya kale yanayotaja visiwa vya pwani hii yalipima njia kwa siku za kusafiri. Kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, kilichoandikwa katika karne ya kwanza, kinaeleza safari ya pwani ya Afrika Mashariki kwa mwendo wa siku baada ya siku, kisha kinataja kisiwa cha Menouthias kuwa kipo stadia 300 kutoka bara. Stadia moja ikikadiriwa kuwa mita 180, kisiwa hicho kilikuwa kilomita 54 kutoka nchi kavu. Kwa kipimo hicho pekee Pemba, iliyo kilomita 50 hivi kutoka bara, inafaa zaidi kuliko Unguja, ambayo mlango wake una upana wa kilomita 35 hivi. Wanahistoria hawajaafikiana juu ya suala hilo, na makala hii haikusudii kulimaliza. Kinachostahili kuzingatiwa ni kwamba baharia wa zama hizo alipoulizwa umbali, alijibu kwa muda.

Muda huo uliwekwa na upepo. Kusi huvuma tangu Aprili hadi Septemba, kaskazi tangu Desemba hadi Machi, na kati yake huwa na kipindi cha maleleji ambapo upepo hauna msimamo. Pamoja na upepo kuna mkondo wa bahari unaoelekea kaskazini mwaka mzima katika pwani ya Tanzania, wenye nguvu zaidi wakati wa kusi, ambapo hufikia maili nne za baharini kwa saa. Jahazi lililotoka Unguja kwenda Pemba wakati wa kusi lilikuwa na upepo nyuma yake na mkondo chini yake. Jahazi hilo hilo lilipotaka kurudi Unguja katika msimu huo huo, lilikuwa na vyote viwili usoni, na nahodha hakuwa na budi kupiga bisho, akienda upande huu na upande ule ili apate hatua chache za mbele. Njia iliyokwenda kwa siku moja iliweza kurudi kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo, katika zama za matanga, umbali wa Unguja kwenda Pemba na umbali wa Pemba kwenda Unguja havikuwa kitu kimoja. Mwanafunzi wa jiografia anaweza kuliona neno hili kuwa kinyume cha akili, lakini mfanyabiashara wa karafuu aliyengoja mzigo wake Malindi asingeliona hivyo. Kwake, Pemba ilikuwa karibu Januari na mbali Julai.

Njia ya majahazi pia haikufuata mstari uliotajwa hapo juu. Vyombo vilipanda upande wa magharibi wa Unguja, ambako kisiwa chenyewe huvunja nguvu ya mawimbi, vikapita Tumbatu, vikafika Ras Nungwi. Hadi hapo nahodha alikuwa na mahali pa kutia nanga iwapo hali ya hewa ingeharibika. Baada ya Nungwi huanza bahari wazi ya kilomita 50 hivi hadi kusini ya Pemba, na ndipo wasafiri hukutana na kile kinachojulikana kama mkondo wa Nungwi. Sehemu hiyo haikuwa ndefu kuliko iliyotangulia, lakini ndiyo iliyokuwa safari hasa. Jina la Nungwi litarejewa mbele katika makala hii.

4.0 Karafuu na Meli za Serikali

Kabla ya karne ya 19 hapakuwa na sababu kubwa ya Pemba kuitazama Unguja. Kisiwa hicho kilikuwa chini ya Wamazrui wa Mombasa, na mpunga wake uliilisha Mombasa. Hali hiyo ilibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1820, wakati Seyyid Said bin Sultan wa Oman alipowaondoa Wamazrui katika Pemba, na baadaye alipoufanya Mji wa Zanzibar kuwa makao yake. Ndipo njia ya Pemba kwenda Unguja ilipopata umuhimu wa kiutawala. Inafaa kusisitiza kwamba njia hiyo iliwekwa na dola. Jiografia, kama tulivyokwisha kuona, ilikuwa na maoni mengine.

Miaka hamsini baadaye dhoruba iliikaza njia hiyo. Tufani ya Aprili 1872 iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ilhali ile ya Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu, na imebaki hivyo. Hata hivyo forodha, maghala, wakopeshaji na wanunuzi walibaki Mji wa Zanzibar. Mali ilitoka kisiwa kimoja, na bei ikatangazwa katika kisiwa kingine. Mkulima wa Wete au Mtambile aliyechuma karafuu kati ya Julai na Januari, akazianika na kuzitia guniani, alikuwa bado hajamaliza kazi: kilomita hizi 125 zilisimama kati yake na fedha, na aliyemiliki chombo cha kuzivuka alikuwa na neno la mwisho katika faida.

Baada ya Uingereza kuiweka Zanzibar chini ya himaya yake mwaka 1890, Serikali iliendesha meli za moshi kati ya visiwa hivi. Miongoni mwa zilizokumbukwa zaidi ni Al Said na Al Hathera, na baadaye Seyyid Khalifa, iliyopewa jina la Sultani aliyetawala tangu 1911 hadi 1960. Baada ya Mapinduzi ya 1964 zikaja Jamhuri, Mapinduzi na Maendeleo. Majina ya meli yamebadilika sana kuliko njia yenyewe.

Meli ya moshi ilileta jambo moja kubwa: ilizifanya pande mbili za safari kuwa na urefu mmoja. Injini haikungoja kaskazi. Kwa mara ya kwanza ofisa wa Serikali aliweza kuandika katika daftari siku ya kuondoka na siku ya kurudi, akatarajia kwamba zote mbili zitatimia. Barua, mishahara, askari wa polisi na hukumu za mahakama vilianza kusafiri kwa ratiba. Ni katika mazingira hayo ambapo Kapteni J. E. E. Craster alifika Pemba kuipima ardhi na kuichorea ramani, kazi iliyozaa kitabu chake cha mwaka 1913. Serikali iliyoweza kufika kwa ratiba ilitaka pia kujua imefika wapi.

Lakini ratiba hiyo haikuwa ya wote. Meli zilikuwa chache, na vijiji vilivyo mbali na bandari za Mkoani, Chake Chake na Wete viliendelea kutegemea majahazi na mashua. Bandari ya Chake Chake yenyewe ipo ndani ya hori yenye mikoko, ambamo maji yakitoka chombo kikubwa hakipiti. Msafiri aliyefika kwa meli ya moshi aliweza kujikuta akingoja maji yajae, sawasawa na babu yake.

5.0 Nusu Saa

Usafiri wa ndege katika pwani hii ulianza kupata umbo la biashara katika miaka ya 1930 kupitia Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson. Baada ya Vita Kuu ya Pili nafasi hiyo ilichukuliwa na East African Airways, iliyoanza safari zake mwaka 1946 kwa niaba ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ndege zake za mwanzo zilikuwa Dragon Rapide, ndege za mbao na turubai zenye mabawa mawili mawili kila upande na injini mbili.

Hapa hesabu ndogo inafaa kufanywa tena. Mwendo wa kawaida wa Dragon Rapide ulikuwa kilomita 210 hivi kwa saa. Kwa mwendo huo kilomita 125 humalizika kwa dakika 35 au 36. Ndege za Cessna Caravan, ambazo zimekuwa zikionekana sana katika njia hii tangu kampuni binafsi kama ZanAir zilipoanza kazi katika miaka ya 1990, huenda kwa kilomita 300 hivi kwa saa, na zingeumaliza mstari huo kwa dakika 25. Ukiongeza muda wa kutembea ardhini, kupanda juu na kujiweka sawa kwa kutua, unarudi kwenye nusu saa inayotajwa katika ratiba. Tofauti kati ya chombo cha 1946 na cha leo ni dakika 10.

Matokeo haya yanapingana na mazoea ya kufikiri kwamba usafiri wa anga umekuwa ukizidi kuvisogeza visiwa hivi. Ulivisogeza mara moja, kwa mruko mmoja mkubwa, kisha ukasimama hapo. Katika safari fupi namna hii kasi ya ndege haina pa kukaa: ndege kubwa yenye uwezo wa kilomita 500 kwa saa haijamaliza kupanda kabla haijatakiwa kuanza kushuka. Aidha njia ya kurukia ya Pemba, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na urefu wa mita 1,500 hivi ikilinganishwa na mita zaidi ya 3,000 za Unguja, imeamua kwa ukimya ni ndege za aina gani zitakazofika huko.

Ikiwa kasi haikubadilika sana, kilichobadilika ni uhakika wa kuipata ndege. East African Airways ilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Shirika la Ndege la Tanzania likaundwa mwaka huo huo. Mabadiliko ya aina hiyo, yaliyoamuliwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, yaliathiri safari ya Mpemba kuliko injini yoyote mpya. Nusu saa haina maana kwa mtu anayengoja ndege ya siku nyingine.

Muda wenyewe pia unahitaji kutazamwa kwa jicho kali zaidi. Abiria hatoki kiwanjani akaishi kiwanjani. Anayetoka Konde, kaskazini ya Pemba, lazima kwanza asafiri kwa barabara karibu nusu ya kisiwa hadi kufika kiwanjani, naye hutakiwa kufika mapema kabla ya ndege kuondoka. Akishuka Kiembe Samaki anaanza safari nyingine ya barabara hadi aendako. Nusu saa ya angani ni sehemu ndogo ya asubuhi yake nzima. Tena ndege ndogo nyingi humruhusu mzigo wa kilo 15. Mtu anayesafiri na mkoba wa karatasi hana taabu na sharti hilo. Mtu anayesafiri na gunia la karafuu, mkungu wa ndizi, godoro la maharusi na watoto wanne hana nafasi katika chombo hicho, hata kama nauli ingekuwa ndogo, nayo si ndogo: daima imekuwa mara kadhaa ya nauli ya meli.

6.0 Utawala wa Kilomita 125

Athari ya umbali huu katika utawala wa Zanzibar inaonekana wazi katika cheo kimoja ambacho hakina mfano wake Unguja. Kila Wizara ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ina Afisa Mdhamini wake Pemba, ambaye huiwakilisha Wizara hiyo kisiwani. Cheo hicho ni ukiri wa kiofisi kwamba Waziri hawezi kuwa mahali pawili, na kwamba nusu saa ya ndege haijaifuta bahari. Afisa Mdhamini hutekeleza. Maamuzi makubwa, bajeti na saini za mwisho hubaki Unguja. Kwa hiyo abiria wa kudumu wa ndege za asubuhi wamekuwa ni maofisa wanaokwenda na kurudi na majalada.

Wagonjwa nao ni sehemu ya historia hii. Kwa muda mrefu mgonjwa mahututi wa Pemba amepelekwa Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na katika hali hiyo tofauti kati ya dakika 30 na usiku mzima si suala la starehe. Kukamilika kwa Hospitali ya Abdalla Mzee ya Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016, kunaweza kuelezwa kama hatua ya afya. Kunaweza pia kuelezwa kama hatua ya usafiri, kwa sababu baadhi ya wagonjwa sasa hawalazimiki kusafiri.

Mahali pengine watu waliufuata umbali wa kweli na kuuacha ule wa utawala. Magendo ya karafuu kwenda Kenya, ambayo Serikali zilizofuatana zimepambana nayo, hayaelezeki kwa tofauti ya bei peke yake. Shimoni na Tanga ziko karibu na Pemba kuliko ulivyo Mji wa Zanzibar, na mashua yenye mashine huweza kufika huko ndani ya usiku mmoja. Njia hiyo hiyo ilitumiwa kwa sababu nyingine baada ya mauaji ya Januari 2001 yaliyofuatia mzozo wa uchaguzi, wakati zaidi ya watu 2,000 walipokimbia Pemba kwa vyombo vya baharini na kupokelewa Shimoni kama wakimbizi. Waliokuwa wakiikimbia mamlaka iliyokuwa na makao yake Unguja walikwenda upande ambao bahari ni fupi. Haki yao ya kukimbia si mada ya makala hii. Mwelekeo wao ni ushahidi wake.

7.0 Usiku wa Septemba 2011

Kama kuna tukio linaloonesha kwamba muda wa safari kati ya Unguja na Pemba si mmoja, ni kuzama kwa meli ya MV Spice Islander I. Meli hiyo iliondoka Unguja kuelekea Pemba yapata saa 3 usiku wa tarehe 9 Septemba 2011. Ilikuwa siku chache baada ya sikukuu ya Idi, na watu wengi walikuwa wakirudi makwao. Ruhusa yake ilikuwa ya abiria wasiofika 700. Tume iliyoundwa na Serikali kuchunguza ajali hiyo ilihitimisha baadaye kwamba waliokuwamo walizidi 2,000. Pamoja nao kulikuwa na shehena kubwa ya mizigo.

Yapata saa 7 usiku meli ilipoteza mhimili ikapinduka katika mkondo wa Nungwi. Ilikuwa imesafiri saa nne na ilikuwa bado haijaimaliza Unguja. Mamia waliokolewa na wavuvi na vyombo vilivyofika baada ya kupambazuka, baadhi yao wakiwa wameng'ang'ania magodoro na majokofu yaliyoelea. Miili iliyopatikana ilikuwa michache kuliko idadi ya waliokosekana. Katika vijiji vingi vya Pemba familia zilipoteza zaidi ya mtu mmoja, na matanga yaliwekwa bila maiti.

Mijadala iliyofuata ilielekezwa, kwa haki, kwenye uzembe wa usimamizi: nani aliruhusu meli iondoke, nani alihesabu abiria, nani hakuhesabu. Swali la historia ya usafiri limejadiliwa kwa uchache zaidi. Kwa nini watu zaidi ya 2,000 walikuwa tayari kupanda chombo kilichojaa kiasi hicho, huku wakikiona kimejaa? Jibu halipatikani katika ujinga wa abiria, kama ilivyodokezwa na wengine. Walikuwa na njia moja iliyolingana na kipato chao na mizigo yao, na njia hiyo haikuwa ya kila siku. Aliyekataa kupanda usiku ule alikuwa akichagua kungoja bila kujua atangoja mpaka lini. Usafiri wa nusu saa ulikuwapo tangu zama za babu zao, lakini uliwekewa kilo 15.

Ndege iendayo Pemba huzipita zile kilomita 70 za bahari kwa dakika 14 hivi. Baadhi ya waliokuwa majini usiku ule waliogelea na kuelea kwa saa nyingi katika sehemu hiyo hiyo ya bahari, mashariki na kaskazini ya Nungwi, mahali ambapo manahodha wa majahazi walijua tangu zamani kwamba ndipo safari inapoanza.

Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliagiza meli mpya kutoka Korea ya Kusini, na meli hiyo, MV Mapinduzi II, iliwasili Zanzibar mwishoni mwa mwaka 2015. Uwezo wake ni abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Ndege ya Caravan huchukua abiria 12 hivi. Ili kuwavusha watu wa safari moja ya meli hiyo kwa njia ya anga, ndege moja ingelazimika kuruka kutoka Kiembe Samaki kwenda Pemba mara 100, na magunia yangebaki bandarini.